Maharage Mbele ya Goli

Ulipita pale, usikatae. Jumamosi ile asubuhi, saa za salongo, ile kazi ya lazima ya mtaa, ulipita mbele ya mlango wa kiwanja cha mpira cha Kadutu, ukasikia majembe yanapiga ndani, ukageuza uso upande wa soko kama mtu anayetafuta bei ya chumvi. Majembe ndani ya kiwanja, siku moja mbele ya mechi ya timu ya taifa. Hukuuliza kitu. Mu Zaïre, mtu mwenye akili hakuuliza kitu.

Juma lililopita, mu gazeti hili, tulimwacha mtu ambaye hakuwa na akili hiyo. Grégoire Zihindula, kocha wa timu ya taifa, mtoto wa Bukavu hapa hapa, alikuwa ametoka Kinshasa na wachezaji wake, amewashusha kwenye bisi, ameweka mkono kwenye mlango, na sauti ya majembe ikamsimamisha.

Akausukuma.

Akaona migongo. Migongo ya mamans na ya papas wa mtaa mzima, wameinama kwa mistari, wanalima. Nguzo za goli zilikuwa bado zimesimama, zimepakwa rangi nyeupe juzi tu kwa ajili ya wageni. Lakini mbele ya goli, pale kipa anaposimama, pale penalti inapowekwa, hapakuwa tena na jani hata moja. Palikuwa na matuta. Matuta mazuri, yamenyooka, na mamans walikuwa wanaangusha maharage ndani, wanafunika kwa kisigino.

"Coach," akasema kapiteni Ekofo, beki mrefu wa Kinshasa, mfuko wa mipira begani. "Hapa ni wapi?"

"Ni kiwanja."

"Ya nini?"

Zihindula hakupata nafasi ya kujibu. Mwanamke mmoja alikuwa amenyoosha mgongo katikati ya matuta, amejipangusa udongo kwenye kikwembe cha kiunoni, anakuja mikono imefunguka.

"Grégoire. Mutoto ya mama. Kumbe umefika mapema, na siye hatuyamaliza."

Huyo ni Godelive, dada yake mkubwa. Majina ya ubatizo yalikuwa yamekatazwa nchi nzima. Mtu aliyeitwa Grégoire mbele ya watu aliweza kuitwa ofisini akaeleze vizuri. Habari hiyo ilikuwa imemfikia kila mtu isipokuwa Godelive. Ao ilimfikia, akaona haimhusu. Mtoto uliyembeba mgongoni, redio itambadilisha jina namna gani?

"Yaya," kocha akasema kwa sauti ya chini. "Munafanya nini?"

"Tunakutengenezea. Si batu bote banakuja kesho kukuangalia? Tukasema mutoto yetu hawezi kuchezea mu majani sawa mbuzi. Ona vile tumenyoosha. Avenue yetu njo imelima huku kwa goli. Bale ba avenue ya chini bangali kule pa corner, bavivu bale."

"Yaya, mupira unachezewa mu majani."

Godelive akamwangalia kwa huruma, kama unavyomwangalia mtu aliyekaa sana Kinshasa.

"Commissaire alisema hapana," akajibu.

Na alisema kweli. Citoyen Commissaire Kabarhuza, ambaye Chama kilikuwa kimempa michezo, ngoma na kilimo vyote pamoja, kwa maana kichwa chake kilikuwa kikubwa mno kwa kazi moja, alikuwa amepanda jukwaani mu mkutano wa juma lile. Abacost, ile koti ya wakubwa wa Chama isiyo na tai, imepigwa pasi, fimbo mkononi. Akasema kilimo ndicho cha kwanza mbele ya vyote vya kwanza. Akasema: "Sitaki tena kuona majani mu mji huu. Pote penye majani, mulime. Atakayeacha majani ni adui wa Chama."

Watu wakapiga makofi. Wewe pia, na mikono yako miwili.

Halafu watu wa Bukavu wakarudi nyumbani, wakaanza kutafuta majani. Unaujua mji wetu. Nyumba imekaa juu ya kichwa cha nyumba, mfereji wa huyu ni mlango wa yule. Majani yatoke wapi? Waliyatafuta kwa bidii ya watu wanaotaka kuendelea kulala vitandani mwao, wakayapata mahali pawili tu. Mu bustani za villa za Muhumba, kule Ibanda, ambako Commissaire mwenyewe alikuwa anakaa. Na mu kiwanja cha mpira.

Fikiri wewe mwenyewe walichagua wapi.

Sasa ujue kocha alikuwa na nini cha kupoteza. Zihindula hakuwa kocha kamili. Alikuwa kocha wa muda. Mzungu aliyekuwepo mbele yake alikwenda likizo, akasahau kurudi, na wakubwa wakamwachia Zihindula timu namna unavyomwachia jirani chungu juu ya moto: angalia tu kisiungue. Mzungu mwingine alikuwa amekwisha kuahidiwa kiti. Bahati mbaya, timu ikaanza kushinda. Ikashinda hapa, ikashinda kule, wakubwa wakakosa raha kabisa. Mwisho wakasema: mechi ya Bukavu, na wageni wa ng'ambo ya mto Ruzizi, ndiyo itakayoamua. Akishinda, kiti ni chake, mtu wa kwanza wa upande wetu kukikalia. Akishindwa, ao mechi isipochezwa, mzungu apande ndege. Na neno la mwisho watalipokea kwa Commissaire wa mahali.

Commissaire wa mahali akaingia. Mercedes mpaka kwenye mstari wa goli.

Alikuja na wapiga ngoma, kwa sababu alikuwa na wasiwasi mmoja tu juu ya mechi: je, wachezaji wanajua kucheza ngoma ya Chama? Mbele ya mpira kuna animation, na animation ikiharibika, magoli yatasaidia nini?

Akashuka. Kiatu chake kikazama mu tuta.

Akakitazama kiatu. Akatazama goli. Akatazama watu.

"Nani alifanya hii?"

Vinywa vyote mu kiwanja kile vilikuwa na jibu, na jibu lilikuwa limevaa abacost. Chef wa avenue akainama kufunga kamba za viatu. Alikuwa amevaa sandale.

"Minauliza. Timu ya taifa inacheza hapa kesho. Redio inakuja, wageni banakuja. Hii ni sabotage. Na sabotage iko na mutu, na mutu iko na prison yake. Nani?"

Godelive akafungua mdomo.

Kocha alimwona. Aliujua mdomo ule tangu utoto. Ulikuwa unakwenda kusema, kwa heshima zote, kwa upole wote, "Kumbe ni weye, Citoyen Commissaire, umesahau?" Na ungekuwa mdomo wa mwisho kuonekana mu mtaa ule kwa muda mrefu.

"Ni miye," kocha akasema.

"Weye?"

"Niliomba bafanye hivi. Ni méthode."

"Méthode gani?"

Zihindula hakujua. Alikuwa ameanza sentensi kama mtu anayeruka mfereji gizani. Akaendelea kuruka.

"Bazungu banachezea juu ya majani, Citoyen Commissaire, kwa sababu miguu yabo ni laini. Siye, babu zetu bakikimbia, bakikimbia mu mashamba. Muguu ya Muzaïrois inajua udongo. Kesho bageni bataanguka. Siye hatutaanguka. Ni... ni kurudia mambo ya babu. Ni authenticité, ile Chama inahubiri."

Kapiteni Ekofo akamwangalia kocha wake namna unavyomwangalia ndugu ambaye homa imempanda kichwani.

Commissaire akavua miwani. Akaifuta. Akairudisha.

"Mupira wa authenticité," akasema polepole.

"Njo vile."

"Kinshasa banajua?"

"Nilingojea weye ujue wa kwanza."

Ndugu msomaji, umekwisha kuona uso wa mtu mkubwa anapopewa akili ya bure? Unafunguka kama dirisha. Commissaire akamkumbatia kocha mbele ya watu wote. Akafika kwenye Mercedes anasema, "Hii akili miye nilikuwa nayo tangu zamani." Saa sita, redio ikasema ni yake. Akili ilikuwa imehama mtu ndani ya asubuhi moja, na hakuna aliyeiomba karatasi ya njia.

Lakini mbele ya kuondoka, alichungulia kwenye dirisha la gari, fimbo imenyooka upande wa goli la pili.

"Na kule? Juu ya nini majani ingali? Munataka timu ya taifa iwe authentique nusu?"

"Citoyen Commissaire, nusu inatosha," kocha akasema haraka.

"Hapana. Mulime yote. Nitatuma basoda ba kambini basaidie. Na pa corner muweke mihogo."

"Mihogo inakuwaka mirefu."

"Mpaka kesho?"

"Kesho hapana."

"Basi, muweke."

Mchana, Ekofo akamfuata kocha mu vestiaire, chumba cha kuvalia, akafunga mlango. Kiswahili chake kilikuwa cha Kinshasa, cha kuokota, lakini siku ile alikuwa na kila neno alilohitaji.

"Coach, na respect yote. Miye minacheza mupira, siko mulimaji. Magoti yangu njo inalisha batoto. Kesho mutu atavunjika."

"Mutakimbia polepole."

"Te, hapana. Uende umwambie kweli."

"Nikisema kweli, yaya yangu anakamatwa. Ulimwona. Atasema yote, na atasema na jina ya mwenye kuamuru."

"Usiposema, muguu ya mutu inaenda hôpital."

"Ekofo, nimengojea kazi hii maisha yangu yote. Nilifundisha gymnastique kwa masomo ya mapadri mpaka sauti ikakauka. Kesho tu. Tushinde kesho tu."

Kapiteni akainua mfuko wa mipira.

"Ah," akasema. "Nilifikiri tunaongea juu ya dada. Kumbe kuko na kiti pia."

Akatoka. Kocha akabaki anatazama mlango. Lile lilikuwa kweli, na kweli ya mchezaji wako inauma kuliko matusi ya redio.

Jumapili mvua ilikuwa imekwisha kunyesha. Unaijua mvua yetu: haipiti kusalimia, inakuja kukaa. Kiwanja kizima kilikuwa matuta, na katikati ya matuta maji. Watu wamejaa mpaka juu ya ukuta, kwa furaha kubwa sana, kwa sababu asiyekuja alikuwa anaandikwa.

Wachezaji wakafanya animation. Ukweli lazima usemwe: haijawahi kuwa nzuri vile. Miguu ilikuwa imekwama mu matope, viuno tu ndivyo vilivyobaki huru. Commissaire alikuwa karibu kulia.

Kocha wa wageni, mtu mfupi aliyevaa kofia ya majani, akamsogelea Zihindula.

"Samahani, ndugu yangu. Kiwanja kiko wapi?"

"Njo hiki."

"Hapana, kiwanja ya mupira."

"Njo hiki, ndugu."

Yule mtu akavua kofia, kama mu kilio.

Arbitre akapuliza filimbi. Ekofo akaupiga mpira mbele. Ukaanguka, ukabaki pale ulipoanguka, kama umepandwa. Winga wa Kinshasa, kijana ambaye mu majani alikuwa radi, akaukimbilia, akaacha kiatu kimoja njiani, akarudi kukitafuta. Watu wakaanza kucheka, halafu wakakumbuka ni akili ya nani, wakakohoa.

Na hapo ndipo méthode ikaanza kufanya kazi. Ilifanya kazi vizuri sana. Ila kwa wale wengine.

Kwa maana kocha hakuwa ameuliza kitu kimoja, na Commissaire hakuwa ameuliza kitu chochote: wageni wale walikuwa nani? Walikuwa watoto wa milima. Wote walikuwa wamezaliwa mu mashamba, wamefukuza ng'ombe juu ya matuta tangu walipojua kutembea. Walivua viatu, wakavirusha pembeni, wakaanza kuruka kutoka tuta mpaka tuta kama wako nyumbani kwao. Wakainua mpira juu, usiguse udongo, kichwa kwa kichwa, goti kwa goti. Kipa wetu alijaribu kutoka golini. Miguu ilikataa.

Goli.

Wa kwanza kusema alikuwa mzee mmoja pale juu ya ukuta. "Muguu inajua udongo, njo vile," akasema, na watu wote wa karibu wakageuka kuangalia mawingu.

Kocha hakuwa anaangalia goli. Alikuwa anamwangalia Ekofo, aliyerudi kwa mbio zote kuziba nafasi. Kapiteni alikanyaga juu ya tuta, tuta likaondoka. Mguu ukabaki kati, mwili ukaendelea. Sauti yake ilisikika mpaka kwenye tribune, jukwaa la wakubwa. Haikuwa kubwa. Ilikuwa kama kuni kavu inayovunjika.

Filimbi. Wakang'oa mlango wa vestiaire, wakamlaza juu, wakambeba. Alipopita mbele ya kocha, aligeuza tu uso upande mwingine.

Juu mu tribune, Commissaire alikuwa amesimama, na akili yake ya zamani ilikuwa inamtoka haraka kuliko ilivyoingia. Akamwita kocha kwa kidole. Kocha akapanda ngazi na matope mpaka magotini.

"Méthode ilikuwa ya nani?" Commissaire akamuuliza sikioni, huku anachekea watu.

"Redio ilisema ni yako."

"Redio inasemaka mingi. Sikia, Zihindula, miye ni baba yako hapa. Ninakufungulia mulango. Sema balikudanganya. Taja mutu mumoja wa avenue, mumoja tu. Nitasema ilikuwa sabotage, mechi haihesabiwe, na kiti inabaki yako. Usipotaja, saboteur ni weye, na bale basoda pale chini banangojea tu kichwa changu kiinuke." Halafu akainua mikono kwa watu. "Citoyennes, citoyens. Kocha wa taifa atawaambia nani aliharibu kiwanja yetu."

Akampa micro.

Micro ilikuwa baridi, nzito. Pale chini mlango wa vestiaire ulikuwa unatoka na Ekofo juu yake. Chini ya tribune, kati ya mamans wa animation, Godelive alikuwa anamwangalia mdogo wake na kutikisa kichwa: usiseme kitu, mutoto ya mama, usiseme kitu.

Mtu mmoja, mmoja tu. Papa yoyote. Majina yote ya mtaa ule aliyajua.

"Nilidanganya," kocha akasema, na sauti yake ikatoka mu haut-parleurs zote, ikaenda mpaka Funu. "Hakuna méthode. Kiwanja ililimwa juu ya amri. Kuko mutu alisema pote penye majani, mulime. Miye sikukuwa hapa, nilikuwa Kinshasa, siwezi kuwa shahidi. Lakini ninyi mulikuwa mu mukutano. Bote. Ninawaomba, ndugu zangu. Semeni ni nani."

Kiwanja kizima kikanyamaza. Watu wengi vile, na ulisikia maji yanavyotembea kati ya matuta. Chef wa avenue hakuinama. Safari hii alikuwa amefumba macho kabisa. Basoda wawili, bunduki begani, wakaanza kupanda ngazi.

Halafu mtu akasimama. Mmoja, kati ya maelfu yale.

"Jembe ni yangu," akasema Godelive. "Njo miye nilianza, njo miye niliita bengine. Huyu mutoto hakujua kitu. Mumwache na kazi yake."

"Yaya, ikaa," kocha akasema, na micro ikamsikilizisha Kadutu nzima.

"Grégoire, nyamaza."

Commissaire alikuwa na micro ya pili, wakubwa huwa na micro ya pili. "Saboteuse ameonekana," akatangaza, uso umefunguka tena kama dirisha. "Mechi haihesabiwe. Na Chama kinamtambua Citoyen Zihindula kuwa kocha wa timu ya taifa. Si wa muda tena. Kamili." Akamshika kocha mkono mbele ya mpiga picha, akauinua juu, na watu wakapiga makofi.

Ndiyo hivi kiti kilivyokuja. Alikitaka maisha yake yote, na kilimfikia wakati basoda walikuwa wanamshusha dada yake kwa mkono, naye anawaomba, bila fujo, wamwache aokote kikwembe chake kilichoanguka.

Kocha akauchomoa mkono wake. Micro ingali wazi. Hamtazami Commissaire. Anawatazama watu, mstari kwa mstari, uso kwa uso, anatafuta mmoja ambaye atasema kile ambacho wote wanakijua, kwa maana neno la ndugu wa mtuhumiwa halihesabiwi, na lile alilosema kwenye micro wamekwisha kulifunika kwa makofi.

Amefika kwenye uso wako.

Usiangalie viatu. Godelive anafikishwa kwenye jeep, mlango wa nyuma umefunguliwa, dereva anatafuta funguo mu mfuko. Neno lenyewe si refu. Weka gazeti chini, simama hapo ulipokaa, mu salon, mu bar, mu mstari wa ofisi, na useme kwa sauti ambayo jirani ataisikia: ni Commissaire Kabarhuza aliyesema palimwe. Liseme sasa, moteur haijawaka.